Ukurutu Hauui, Lakini Unafilisi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msomaji mpendwa, mimi kitanda hiki nimekilalia, tena si kwa methali tu. Nimelala kitanda kimoja na mdogo wangu tangu aachishwe kunyonya. Sasa ana miaka minane, yuko Gredi ya Tatu, na naijua vizuri sauti ya mtu anayejikuna saa nane za usiku. Ni kama sauti ya msasa juu ya mbao. Asubuhi shuka huwa na madoa ya damu, na mama huiloweka kabla ya kwenda sokoni ili majirani wasiione kwenye kamba.

Madhumuni ya makala haya si kuomba huruma. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo watu wengi hulifanyia mzaha, yaani magonjwa ya ngozi yasiyokwisha na jinsi yanavyokula pesa za familia. Ukisema nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa saratani, watu wataitisha harambee. Ukisema kuna mgonjwa wa ngozi, watakuuliza, "Hiyo si ni upele tu? Si apake mafuta?" Naam, apake mafuta. Lakini mafuta hayo nani atayanunua?

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Mdogo wangu ana ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi. Hautokani na uchafu, wala si ukoma, wala si kurogwa. Mara nyingi hufuata ukoo. Nyumba yenye watu wa pumu ya kifua au mafua ya mzio haishangazi kupata na mtoto wa ukurutu, na kwetu baba ana pumu. Ngozi ya mtu mwenye afya ni kama ukuta uliopigwa lipu. Ya mgonjwa wa ukurutu ni kama ukuta uliopasukapasuka. Unyevu wa ndani hutoka, vumbi na vidudu vya nje huingia. Ngozi ikikauka huwasha, akijikuna huchubuka, ikichubuka huzidi kuwasha. Hapa Nakuru hatukosi vumbi, na miezi ya Januari na Februari upepo ukivuma ndipo yeye huumia zaidi.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kunywa leo ukapona kesho. Watoto wengi hupata nafuu wakikua, lakini si wote. Kwa hivyo dawa kubwa ni mafuta mazito yasiyo na manukato, ayapake mwili mzima kila siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Ngozi ikiwaka, hupakwa dawa ya steroidi kwa siku chache kama daktari alivyoagiza. Ukiyasikia maneno hayo hospitalini utadhani ni rahisi. Kazi iko katika lile neno "kila siku".

Mama yangu huuza mboga, na baba hufanya kibarua cha mjengo kikipatikana. Mama ana daftari la madeni ya wateja. Likizo iliyopita nililichukua nikahesabu, kwa kuwa kurasa za nyuma huandika matumizi ya nyumba. Mwezi ambao kila kitu kilinunuliwa kama daktari alivyosema ulikuwa hivi: makopo mawili ya mafuta ya gramu 500, shilingi 900. Tyubu mbili za steroidi, 300. Vidonge vya kupunguza mwasho, 150. Sabuni isiyo na manukato, 250. Nauli ya watu wawili kwenda kliniki na kurudi, 200. Jumla ni shilingi 1,800.

Najua kuna msomaji atakayesema 1,800 si pesa nyingi. Kwa mwenye mshahara labda. Mama siku nzuri hubaki na shilingi 400 baada ya kulipa mali na kanjo. Yaani kila mwezi anafanya kazi siku nne na nusu kwa ajili ya ngozi ya mtoto mmoja kabla ya kununua hata unga. Zidisha kwa miezi kumi na miwili upate 21,600. Mwaka wa 2018 serikali ilipopanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka. Hebu fikiri! Ngozi ya mdogo wangu inakaribia kugharimu sawa na pesa ambazo serikali iliona zinatosha kumsomesha mtu kidato kizima. Na huu si ugonjwa wa mwaka mmoja.

Isitoshe, kiasi hicho ndicho cha chini kabisa. Huko Uingereza mwongozo wa madaktari unasema mtoto mwenye ukurutu apewe mafuta gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Hata tukichukua ile 250, kwa wiki nne ni gramu 1,000, yaani yale makopo yetu mawili. Lakini nilipohesabu daftari, niliona kwamba miezi mingi mama hununua kopo moja. Mwezi mwingine hakuna hata moja.

Hapa ndipo umaskini unapokuwa ghali. Mwezi wa Aprili karo ya dada yangu ilikuwa inadaiwa, basi kopo halikununuliwa. Tuliokoa shilingi 450. Wiki ya tatu ngozi ikapasuka nyuma ya magoti, vidudu vikaingia, ikatoa usaha na homa ikapanda. Alilazwa siku tatu. Bili pamoja na dawa ilikuwa shilingi 6,400, na hapo sijahesabu siku ambazo kibanda cha mama kilifungwa na nyanya zikaozea gunia. Ile 450 tuliyookoa ilitulipisha zaidi ya mara kumi na nne. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama aliujua ufa, ila simiti ya kuuzibia hakuwa nayo.

Bili ililipwa vipi? Kulikuwa na pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni. Muhula wa pili ulipofunguliwa nilirudishwa nyumbani pamoja na wengine waliokuwa na deni. Sitaficha nilivyofanya siku hiyo, ingawa naona haya kuandika. Nilifika nyumbani nikamwambia mama, "Kwani huyu ndiye mtoto wenu peke yake?" Mama hakunijibu. Alikuwa anapanga sukuma kwenye beseni akaendelea kupanga. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, akasikia.

Usiku huo hakujikuna. Alilala ameikalia mikono yake. Siku chache baadaye nilimwona akijipaka mafuta kwa ncha ya kidole kimoja, mkono mzima, kama mtu anayepaka siagi ya kukopa. Nikamuuliza mbona anapaka kidogo hivyo. Akasema, "Sitaki iishe." Mtoto wa miaka minane ameshajua kwamba ngozi yake ni deni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa aliyekosa kati yetu, na ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Maoni yangu ni haya. Mafuta ya mgonjwa wa ngozi ni dawa, wala si urembo, na nchi inayosema inatibu watu wake inapaswa kuyahesabu kama dawa.

Tuangalie mambo yalivyo. Mafuta ya kopo tunayonunua dukani ni bidhaa ya urembo kama rangi ya midomo, na ndani ya bei kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Anayejipaka ili ang'ae akienda harusini na anayejipaka ili ngozi isipasuke wanatozwa sawa. Nadhani hapo kuna dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Aidha, sitaki kuilaumu serikali kwa kila kitu. Mwaka wa 2004 malipo ya zahanati yalishushwa hadi shilingi 10 na ya vituo vya afya hadi 20. Mwezi wa Juni 2013 hata hayo yakaondolewa. Mwezi wa Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi ya NHIF, na tukaambiwa matibabu ya zahanati na vituo vya afya ni bure kwa aliyejiandikisha. Mama alijiandikisha. Alipompeleka mtoto alihudumiwa kwa adabu na hakulipa hata ndururu. Kisha akapewa karatasi akaambiwa, "Mama, hii hatuna. Enda ununue kwa kemisti." Sasa hiyo bure iko wapi? Kumwona daktari ni bure, lakini kinachotibu ni kile kilicho kwenye karatasi. Na alipolazwa katika hospitali kubwa, huko ilitakikana mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi, nayo ni 3,600 kwa mwaka, na mpango huo ulipoanza watu wasio na mshahara walitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mama hajawahi kushika 3,600 ambazo hazina mwenyewe.

Wapo watakaonipinga. Watasema nchi ina malaria, ina saratani, ina watoto wa njaa, na ukurutu hauui. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Sisemi mgonjwa wa saratani angoje ili mdogo wangu apakwe mafuta. Nasema mambo mawili. La kwanza, wagonjwa wa ngozi si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu bilioni 1.8 wana tatizo la ngozi, na mwezi wa Mei 2025 mkutano wa mataifa juu ya afya huko Geneva ulipitisha azimio kwamba magonjwa haya yapewe kipaumbele. La pili, dawa yenyewe si ya kutoka mbinguni. Yako mafuta ambayo wafamasia wamekuwa wakiyachanganya kwa miaka mingi, na yana vitu vitatu tu: nusu ni parafini laini nyeupe, sehemu tatu kwa kumi ni nta ya kuchanganyia, na sehemu mbili kwa kumi ni parafini ya majimaji. (Tafadhali, hii si ile parafini ya stovu. Asije mtu akajipaka mafuta ya taa akasema amesoma gazetini.) Mafuta hayo hutumika hata badala ya sabuni, kwa hivyo na zile 250 zetu zingebaki mfukoni. Kwa nini hospitali za kaunti zisiyachanganye kwa mapipa na kuyagawa kwenye zahanati? Mgonjwa aje na kopo lake kama tunavyokwenda na chupa kununua maziwa.

Mtu asiseme haiwezekani Afrika. Mjini Moshi, ng'ambo tu ya mpaka, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC. Kilifunguliwa mwaka wa 1992 na kimefundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za bara letu. Hapo hapo Moshi pamekuwa pakitengenezwa mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Hata hapa kwetu Kenya, serikali imekuwa ikiwapa wenzetu wenye ualbino mafuta hayo bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ualbino si ugonjwa, na jua kwao laweza kuleta saratani, kwa hivyo walistahili kutangulia. Lakini jambo moja limethibitika: serikali inaweza kuamua kwamba mafuta ya kupaka ni haja ya afya, ikatenga pesa, na dunia isiporomoke.

Fauka ya hayo, sisi raia nasi tuna lawama yetu. Pesa nyingi za nyumba yetu hazikwenda kwa daktari, zilikwenda kwa ushauri wa majirani. Huyu alisema mtoto asile mayai, yule akasema asinywe maziwa, mwingine ati asile samaki. Tukamnyima vyote miezi mitatu, akakonda na ngozi ikabaki vile vile. Nyanya yangu aliuza mbuzi kumlipa mtu wa mizizi. Nampenda nyanya na najua aliuza kwa upendo, lakini mbuzi alikwenda na mwasho ukabaki. Halafu mama alinunua kwa mchuuzi kikopo kisicho na jina. Ajabu! Siku nne mtoto akawa laini kama mtoto mchanga. Tukashangilia. Tukapaka miezi miwili, hata usoni. Kumbe! Daktari alipokiona alisema mafuta kama hayo mara nyingi hutiwa steroidi kali, na ukiipaka ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Tulipoacha, ugonjwa ulirudi na hasira. Kikopo kimoja kilikuwa shilingi 200 na tulinunua sita. Hesabu mwenyewe.

Simlaumu mama. Mtu aliyekesha usiku mia moja akiambiwa kuna kitu kitakachomlaza mwanawe kwa 200, atanunua. Ninaowalaumu ni wanaouza mali isiyo na jina, na wenye wajibu wa kuwakamata ambao hupita hapo sokoni kila siku.

Nanyi wanafunzi wenzangu, kuna gharama ambayo haimo katika daftari la mama. Mwaka jana mdogo wangu aliletewa mgeni kwenye dawati, na yule mtoto akahamishwa baada ya siku mbili kwa kuwa mzazi wake aliogopa kuambukizwa. Tangu siku hiyo huvaa sweta hata jua likiwa utosini ili kuficha mikono. Sweta lenyewe humwasha zaidi, joto humwasha zaidi, na mafuta huisha haraka zaidi. Basi aibu nayo ina bei. Ukimcheka mwenzako mwenye ngozi mbaya, ujue kuna mama mahali fulani anayelipia kicheko chako.

Kwa hayo yote, nina mapendekezo matano.

Kwanza, mafuta yasiyo na manukato kwa ajili ya wagonjwa wa ngozi yawekwe miongoni mwa dawa ambazo zahanati haziruhusiwi kukosa, nayo yaondolewe kodi.

Pili, kila kaunti ichanganye mafuta hayo katika hospitali yake ya rufaa.

Tatu, wasio na mshahara waruhusiwe kulipa bima kidogo kidogo, kwa wiki au hata kwa siku, kama wanavyoweka pesa kwenye chama. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, wahudumu wa zahanati wafunzwe kumweleza mzazi ugonjwa wenyewe. Dakika kumi za kumwambia mama kwamba hauambukizi, hauponi mara moja, na usinunue kikopo cha mchuuzi, zingetuokolea mbuzi mmoja na vikopo sita.

Tano, shule zetu zimruhusu mwanafunzi mwenye ugonjwa wa ngozi kuvaa fulana ya pamba ndani ya sare, kuvua sweta bila kuadhibiwa na mwalimu wa zamu, na kutoka darasani dakika tano ajipake. Hili la tano halihitaji shilingi hata moja. Linaweza kuanza Jumatatu.

Namalizia. Baada ya yale maneno niliyomwambia mama, sikujua namna ya kuomba msamaha, maana kwetu mtoto na mzazi hawana mazoea ya kuketi na kuambiana pole. Sasa Jumamosi mimi huosha magari pale steji, na kopo la pili la mwezi hulinunua mimi. Si kila mwezi huwa nazo. Nikilileta, mdogo wangu hulipima kwa mkono kwanza, halafu huniuliza kama anaweza kupaka mengi. Humwambia apake mpaka ang'ae.

Siku moja ningependa aulize swali hilo katika zahanati yetu, na ajibiwe na mtu mwenye pipa zima nyuma yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu